Barua kutoka Kondele: ijenge kerneli, lakini ipishe watu

Kondele, Kisumu

Omera,

Habari za Nakuru na baridi yake? Sisi huku tu wazima, joto la ziwa ni lile lile.

Nimeigusa ile skripti yako ya kujengea kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo wa kompyuta, na nataka ujue nimegusa wapi kabla hujaichukua.

Unajua kompyuta ninayokompailia, yaani ninayogeuzia msimbo kuwa programu, ndiyo hiyo hiyo ya kuchapia kazi za watu. Jumanne niliiacha ikijenga kwa make -j4, yaani amri ya kujenga ikifanya kazi nne kwa mpigo, huku namwandikia barua ya kuomba kazi kijana wa mama mmoja anayeuza omena soko la Kibuye. Nikipiga "Mheshimiwa", inatokea "Mhe", kimya, kisha herufi zilizobaki zinamwagika zote kwa mkupuo. Mama amesimama kando yangu na beseni lake, macho kwenye kishale kilichoganda. Hakusema neno, lakini niliona haya. Kerneli ingeweza kungoja. Yeye alikuwa na biashara sokoni.

Basi nimeongeza mpangilio mmoja, KIPAUMBELE, na mstari wa make sasa unaanza na nice -n, amri inayoiambia kazi iwapishe wengine kwenye prosesa. Namba inaanzia 0 hadi 19, na kadiri inavyopanda ndivyo kazi inavyozidi kuwapisha wenzake. Michakato yote inayozaliwa na make hurithi namba hiyo, kwa hiyo hatuna haja ya kugusa kwingine. Namba hasi nimezikataa kabisa. Mtumiaji wa kawaida angenyimwa hata hivyo, lakini wewe huiendesha skripti yote kwa sudo, yaani kwa mamlaka ya root, mkuu wa mashine, na root akiandika -20 atakubaliwa, halafu mashine nzima imezwe na kompaila.

Sasa sikiliza hapa, maana paliniweka macho usiku. Niliweka 19, nikajaribu tena, na kishale kikaendelea kukwama vile vile. Kumbe tangu Linux 2.6.38, ya mwaka 2011, kerneli ina kitu kinaitwa autogroup: kila terminali (dirisha la kuandikia amri) inayofunguliwa huwa kundi lake, na makundi hugawana prosesa kama walio sawa. Hapo nice hupanga foleni ndani ya kundi tu. Make yangu ilikuwa inawapisha ndugu zake wa terminali ile ile, si ile programu ya kuandikia! Dawa yake ni kuandika namba hiyo hiyo kwenye /proc/self/autogroup kabla ya make kuanza. Nimeiongeza, na skripti inaangalia kwanza kama faili hilo lipo.

Najua utaniuliza kwa nini nimeweka 19 badala ya 10. Katika kugawana prosesa, mchakato wa 0 una uzito wa 1024, wa 19 una 15. Mtu akiwa kwenye kibodi, nataka tofauti ya namna hiyo. Asipokuwepo, hakuna wa kupishwa, na ujenzi unaitumia prosesa yote kama zamani.

RAM ni habari nyingine, nice haiigusi. Kwenye laptopu yako yenye RAM ndogo punguza -j kwanza.

Ijaribu huku unaandika kitu kirefu, uniambie herufi zinatoka vipi. Barua ya yule kijana niliimaliza Jumatano, mama akaipitia jioni akitoka sokoni.

Nisalimie mama na watoto.

Ni mimi, nduguyo wa Kondele.