Yah: Darubini yenye kompyuta inayokosa shabaha, na ombi la kubadilishiwa kichwa chake

Lubumbashi, 8 Julai 2024

Ndugu Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Salaam. Mimi ni mwalimu wa fizikia katika shule ya sekondari hapa Katuba. Mwezi wa nne nilinunua dukani kwenu Dar es Salaam darubini ya kioo cha milimita 130, yenye kichwa cha mota, yaani sehemu inayoibeba na kuigeuza, na rimoti ya kutafutia nyota. Nililipa dola 640, nusu yake ikiwa michango ya wazazi. Ilikuja kwa barabara kupitia Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo, nikaipokea salama, katoni haina hata mkunjo. Kioo ni safi, sina neno juu yake. Ninacholalamikia ni kichwa, pamoja na majibu matatu mliyonipa.

Ijumaa ya tarehe 7 Juni, usiku usio na mwezi, niliwatoa wanafunzi 22 uwanjani. Kiangazi cha huku anga ni kavu, baridi inauma, na nyota zinaonekana mpaka karibu na upeo. Nilikuwa nimewaahidi Omega Centauri, rundo la nyota zipatazo milioni 10, ambalo saa mbili usiku majira hayo linakuwa juu upande wa kusini. Nilifuata karatasi yenu ya maelekezo ya Kiswahili neno kwa neno. Nikabonyeza. Mota zikalia, darubini ikageuka, ikatulia. Mtoto wa kwanza akainama kwenye lenzi, akakawia, akainua uso: "Prof, hamuna kitu." Wa pili vilevile. Wote 22 walipanga mstari kwa adabu, wakaangalia giza, wakarudi kwao.

Nilipowaandikia, jibu la kwanza lilisema huenda umeme wetu si imara. Mimi natumia betri ya gari. Niliipima volti 12.6 kabla ya kuanza na 12.4 nilipomaliza. Jibu la pili likaniagiza nielekeze miguu ya darubini kwenye Nyota ya Kaskazini. Ndugu Meneja, Lubumbashi iko nyuzi 11 na dakika 40 kusini mwa ikweta. Nyota hiyo iko chini ya upeo wetu usiku kucha, mwaka mzima. Hata ninyi hapo Dar es Salaam, karibu nyuzi 7 kusini, hamwezi kuiona. Jibu la tatu lilikuwa la mstari mmoja: mteja ajifunze kwanza kutumia kifaa.

Hilo ndilo lililoniuma. Basi nilijifunza, wiki tatu, karibu kila usiku, na nawaeleza nilichokikuta ili asiwepo mtu wa kuniambia tena kwamba kosa ni langu.

Karatasi yenu inasema tarehe iandikwe siku kwanza. Rimoti inasoma mwezi kwanza. Niliandika 07/06, yenyewe ikaelewa tarehe 6 Julai. Kila siku nyota huwahi kuchomoza kwa karibu dakika 4, kwa hiyo tofauti ya siku 29 ni karibu saa mbili nzima, sawa na karibu nyuzi 29 za mzunguko wa anga. Watoto wangu waliangalia giza kwa sababu ya mstari huo mmoja wa karatasi yenu.

Tena, rimoti ilikuja ikiwa imewekwa mahali na majira ya Dar es Salaam. Saa yenu iko saa moja mbele ya yetu. Nilipobadilisha mahali nikasahau majira, mambo yakaharibika kuliko mwanzo, kwa kuwa kosa moja lilikuwa linafidia jingine na mimi nimeliondoa moja tu. Kulielewa hilo kulinigharimu siku mbili za kupiga hesabu.

Halafu nyota ya Spica. Karatasi inashauri kuanza nayo katika kulinganisha, yaani kuionyesha kompyuta nyota zinazojulikana ili ijue imeelekea wapi. Kwetu Spica hupita juu ya utosi kabisa, pengo lake na katikati ya anga halifiki nyuzi moja. Darubini ikisimama wima hivyo, ukiizungusha kushoto au kulia nyota haiondoki kwenye lenzi, na kompyuta haina namna ya kujua imeelekea wapi. Siku hizi naanza na Arcturus upande wa kaskazini, kisha Rigil Kentaurus upande wa kusini, zote mbili naziweka katikati kwa lenzi yenye nguvu.

Hayo yote nimeyarekebisha, na bado inakosa. Sasa juu na chini inalenga barabara. Kulia na kushoto inapotea mpaka nyuzi 3, mara upande huu, mara ule, kutegemea imetokea wapi. Nyuzi 3 ni mapana ya mwezi mpevu mara 6, na lenzi yangu pana kuliko zote inaonyesha nyuzi 2 tu.

Jumamosi ya tarehe 29 Juni niliijaribu mchana. Nililenga ncha ya lile bomba refu la moshi lililo kando ya Terril, kilima cha mabaki ya madini hapa mjini, nikaileta katikati kwa kubonyeza mshale wa kushoto, kisha nikabonyeza wa kulia. Mota inalia, ncha ya bomba haisogei. Nilihesabu sekunde 11 kabla haijaanza kutembea. Kwenye mishale ya juu na chini, kwa kasi ileile, haizidi sekunde 1. Na ukishika darubini kwa mkono huku kila kitu kimefungwa, inacheza kulia na kushoto kama jino bovu. Mpangilio wa rimoti wa kufidia ulegevu wa gia nimeupandisha mpaka mwisho wake, 99, haukusaidia. Meno ya gia ya chini hayakukamatana tangu kiwandani.

Naomba kichwa kibadilishwe chini ya waranti, na gharama ya kukirudisha iwe yenu. Kama mnaona usafiri ni mzigo, nitumieni gia mpya na idhini ya maandishi ya kukifungua bila kupoteza waranti. Hapa Lubumbashi mafundi wa vyuma hawakosekani. Naomba pia karatasi ile isahihishwe, kwa maana najua si mimi peke yangu niliyeuziwa upande huu wa mpaka.

Nimeambatisha stakabadhi, vipimo vya usiku 9 na video ya sekunde 40 ya jaribio la bomba la moshi. Nasubiri jibu ndani ya siku 14. Mvua zikishaanza, anga letu linafungwa mpaka mwezi wa nne, na wanafunzi 8 kati ya wale 22 wako mwaka wa mwisho.

Wenu,
Mwalimu wa fizikia, Katuba, Lubumbashi