Stesheni ya Alnwick: kilichonusurika ni jengo

Ndugu Mhariri,

Makala mliyoichapa juu ya stesheni ya zamani ya Alnwick, mji wa Northumberland kaskazini mwa Uingereza, ilisema kwamba stesheni hiyo "imeokolewa". Naomba nafasi nipinge neno hilo, kwa kuwa kilichookolewa ni jengo tu.

Reli ilifika Alnwick mwaka 1850, kwa tawi la kilomita tano hivi lililochepuka kutoka njia kuu ya London na Edinburgh karibu na Alnmouth. Jengo linaloonekana leo ni la mwaka 1887, ilipofunguliwa njia nyingine, hii ya kwenda kijiji cha Cornhill karibu na mpaka wa Scotland, na lilichorwa na William Bell, msanifu majengo wa kampuni ya reli ya North Eastern. Kwa mji mdogo kama ule lilikuwa kubwa kupita kiasi. Lakini mji huo ndio wenye ngome ya Duke wa Northumberland, na wageni wa Duke, wengine wakiwa wa ukoo wa kifalme, hawakuwa watu wa kuteremshiwa kwenye kibanda. Njia ya Cornhill iliacha kubeba abiria mwaka 1930. Tawi la Alnmouth nalo lilifungwa kwa abiria Januari 1968, na treni za mizigo zikakoma mwaka huohuo.

Tangu 1991 jengoni humo mna duka la vitabu vya mitumba, Barter Books. Nilipoingia siku moja ya baridi kali, moto ulikuwa ukiwaka mekoni, na juu ya makabati treni ya kuchezea ikizunguka bila kuchoka. Sikuona treni nyingine. (Lile bango la serikali la mwaka 1939 la kuwataka Waingereza watulie na waendelee na shughuli zao, ambalo sasa limejaa kwenye vikombe, lilipatikana humo mwaka 2000, ndani ya boksi la vitabu vilivyonunuliwa mnadani.)

Mwandishi wenu hakugusia habari ya barabara ya magari. Baada ya reli kung'olewa, barabara kuu ya A1 ya kuupitia mji kwa pembeni ilijengwa ikalikata tuta la reli. Ndiyo maana watu wanaojitolea wa Aln Valley Railway, waliotandika upya sehemu ya njia ile, wamelazimika kujenga stesheni mpya ya Lionheart ukingoni mwa mji, na abiria wao anayetaka kuliona jengo la Bell hana budi kushuka hapo na kumalizia safari kwa miguu au kwa gari.

Msomaji wenu,
Newcastle