Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Wanafunzi Wetu na Kiingereza cha Mtandaoni

Ndugu wanachama,

Nianze na ukimya. Mwalimu yeyote wa sekondari aliyewahi kufundisha Kiingereza mtandaoni anaujua. Unauliza swali, unasubiri, na kwenye kioo hakuna ila miraba myeusi yenye majina. Unarudia swali. Mwishowe unalijibu mwenyewe na kipindi kinaendelea. Ukimya huo ndio uliotawala vikao vyetu vya mwaka huu, na ndio utakaochukua sehemu kubwa ya taarifa yangu, kwa kuwa naamini tumekuwa tukiusoma vibaya.

Mambo ya uendeshaji nayapitia haraka. Kamati tendaji ilikutana kama katiba inavyotaka, na hesabu atazisoma mhazini baada yangu. Wanachama wapya, karibuni sana. Baadhi yenu mlikuwa bado wanafunzi wa sekondari mwaka 2020, shule zilipofungwa na, kwa makadirio ya UNESCO, wanafunzi zaidi ya bilioni 1.5 duniani wakakatiziwa masomo. Mlikaa upande ule wa pili wa kioo, sisi wakongwe hatukuwahi kukaa. Nyinyi ndio mliotufungua macho.

Katika taarifa ya mwaka jana niliandika kwamba wanafunzi wa mtandaoni "hawana umakini". Leo nayafuta maneno hayo mbele yenu. Tulipowaomba walimu vijana watueleze kwa nini walikuwa wakizima kamera na kipaza sauti, hakuna aliyesema alikuwa amelala. Mmoja alikuwa akitumia simu moja na wadogo zake kwa zamu. Mwingine alikuwa sebuleni, familia nzima ikimsikia akihangaika na matamshi. Lakini sababu iliyorudiwa kuliko zote ilikuwa aibu: hofu ya kusikika akikosea.

Hofu hii si jambo la kubuni. Mwaka 1986 Elaine Horwitz na wenzake walionyesha kwamba wasiwasi wa kujifunza lugha ya kigeni una sura yake, tofauti na woga wa masomo mengine, wakatunga kipimo chenye kauli 33 cha kuupimia. Kiini chake ni woga wa kuzungumza, woga wa mitihani na woga wa kuhukumiwa na wenzako. Sasa uweke woga huo mtandaoni. Darasani kosa la mwanafunzi humezwa na kelele za madawati na minong'ono. Mtandaoni sauti yake hutoka peke yake, wote wakiwa wamenyamaza, na huenda kuna anayerekodi. Juu ya hayo anautazama uso wake mwenyewe muda wote anaposema. Jeremy Bailenson wa Chuo Kikuu cha Stanford aliandika mwaka 2021 kwamba kujiona bila kukoma ni mojawapo ya mambo yanayochosha katika mikutano ya video. Kijana wa miaka 16 ana sababu nyingi zaidi ya sisi za kuchoka na uso wake.

Halafu tazameni mtoto huyohuyo jioni. Anacheza michezo ya kompyuta na watu wasiojuana naye, wanaelekezana kwa Kiingereza. Anafuatilia maneno ya nyimbo. Anatazama video, akikwama anairudisha nyuma, anasikiliza tena. Hakuna aliyemwagiza. Basi tunaposema "wanafunzi hawapendi Kiingereza cha mtandaoni" tunasema nini hasa? Wanachokikwepa ni kipindi chetu. Lugha yenyewe wanaitafuta, tena mahali ambapo hakuna anayewapa alama.

Hapa ndipo hojaji yetu ya zamani ilipotuangusha. Iliuliza swali moja kubwa: unapenda au hupendi? Mtazamo wa mtu una pande tatu, yaani anachoamini, anachohisi na anachotenda, na pande hizo si lazima zikubaliane. Mwanafunzi anaweza kuamini kwa dhati kwamba Kiingereza kitamfaa, akahisi tumbo likimkaza jina lake linapoitwa, na akatenda kwa kuzima kipaza sauti. Jibu lake la "napenda" ni la kweli. La "sipendi" lingekuwa la kweli vilevile.

Baadhi yenu mlipendekeza hojaji mpya ifuate mfano wa mtafiti Fred Davis wa mwaka 1989, kwamba watu huipokea teknolojia wakiiona ina manufaa na ni rahisi kutumia. Ni mfano mzuri, nami nakubali maswali yake mawili yaingie. Ila ulitokana na watu wanaotumia kompyuta kazini. Anayejifunza lugha anatoa sauti yake, na kwake yeye liko swali la tatu: je, hapa nitachekwa?

Ndiyo maana sikuunga mkono hoja ya kupiga marufuku programu za akili mnemba, iliyotuchukulia kikao kizima. Naielewa hasira ya wenzangu. Tangu ChatGPT ilipotolewa Novemba 2022, insha zinatufikia safi kupita kiasi, na kazi ya kusahihisha imekosa ladha. Lakini nilipowauliza wanafunzi wangu kwa nini wanazungumza na mashine hizo kwa Kiingereza, mmoja alinijibu kwamba mashine haicheki. Jibu hilo limekaa nami mwaka mzima. Anaijua lugha kiasi cha kuzungumza, na amechagua msikilizaji asiyemtisha.

Kuna njia ambazo wanachama wamezijaribu na kuona vinywa vikifunguka. Iliyosifiwa zaidi ni ujumbe wa sauti. Mwanafunzi anajirekodi, anajisikiliza, anafuta, anarekodi upya, kisha anatuma kwa mwalimu peke yake. Kule kufuta na kurudia ndiko mazoezi yenyewe, ingawa yeye anadhani anaficha makosa. Wengine huanza kwa maandishi, wanafunzi wakajibizana kwa ujumbe mfupi kwanza, ndipo wanazungumza wawiliwawili. Kujibizana huko tusikudharau. Nyongeza ya mwaka 2020 ya mfumo wa viwango vya lugha wa Baraza la Ulaya, ule wa A1 hadi C2, imeyapa mazungumzo ya mtandaoni vigezo vyake.

Gharama zipo, nami sitazificha. Kusikiliza sauti za darasa zima kunakula usiku wa mwalimu. Matamshi nayo hayasahihishiki vizuri mtandao unapodhoofu. Sauti kama s, f na th ndizo huanza kupotea, kwa sababu kinachozitofautisha kimo katika masafa ya juu. Kwa hayo darasa la ana kwa ana bado linashinda, na tuliseme hivyo waziwazi kwa wakuu wa shule wanaotaka kuhamishia kila kitu mtandaoni.

Naomba mkutano huu uamue mambo mawili. La kwanza ni hojaji mpya, itakayotenganisha imani, hisia na matendo, na itakayojazwa bila jina. Kamati ndogo ya walimu watatu iiandike, angalau mmoja wao awe miongoni mwa waliosoma mtandaoni wakiwa sekondari. La pili ni kwamba kila mwanachama atakayekubali aendeshe muhula mmoja bila kulazimisha kamera, aandike kila wiki ni wanafunzi wangapi walizungumza, kwa njia gani, na kwa muda gani, kisha alete daftari hilo kwenye mkutano wa mwaka ujao. Mimi nitaanza na darasa langu mwenyewe. Katibu anayo karatasi ya kujiandikisha, na itapita kwenu kabla ya hesabu kusomwa.