Luku ilijua kabla yetu

Ndugu Mhariri,

Mimi ni fundi umeme, nakaa Tandika. Mwezi uliopita kijana mmoja aliyeko ng'ambo alinipa kazi ya kufunga sensa (vifaa vya kuhisi mtu anapopita au kitu kinapowashwa, si ile ya kuhesabu watu) kwa mama yake, Mbezi Beach. Moja mlangoni, moja koridoni, moja kwenye soketi ya birika. Kamera hakuna. Kifaa kinaandika tu mlango umefunguliwa saa ngapi, mtu kapita mara ngapi usiku, chai imechemshwa au la. Kikishaizoea kawaida ya mama, siku ikivurugika simu ya kijana inalia. Oregon, Marekani, watafiti wamewafuatilia wazee hivi kwa miaka mingi, wakaona kuwa kumbukumbu ikianza kulegea, hata kasi ya kutembea ndani ya nyumba huyumba.

Nikiwa natoboa ukuta nilimkumbuka marehemu mama yangu. Umeme wa Luku, ile mita ya kulipia kabla, wa elfu kumi uliotutosha wiki mbili ulianza kuisha kwa siku tano. Nikagombana na wapangaji, nikakagua waya zote. Kumbe mama alikuwa akiwasha jiko la umeme saa tisa usiku apashe maji ya kutawadha, kisha anarudi kulala. Dada wa kazi alijua. Mangi wa dukani naye alijua lake: asubuhi moja mama alinunua chumvi mara tatu. Sisi wanawe tukasema uzee huo, kumbe ni ugonjwa wa kusahau. Hospitali walimuuliza leo tarehe ngapi na Rais ni nani, akajibu vizuri, tukarudishwa nyumbani. Habari za chumvi hakuna aliyeziuliza.

Sensa ya koridoni isingetusaidia. Nyumba yetu ina watu kumi na mmoja na choo kimoja cha uani. Ingehesabu miguu ya nani? Kwa nyumba kama hizi, daktari amuulize dada wa kazi, amuulize na Mangi. Tatizo si dogo: utafiti wa wilayani Hai, Kilimanjaro, ulikuta karibu watu 6 katika kila 100 wenye miaka 70 na zaidi wana ugonjwa huu wa kusahau.

Na mzee mwenyewe aambiwe. Yule mama wa Mbezi aliniuliza, "Baba, hicho kinaniona nikienda kuoga?" Mwanawe hakuwa amemweleza kitu. Nikamweleza mimi, akakubali ya mlangoni na ya birika. Ya koridoni akasema ing'oke, nikaing'oa.

Kijana akilalamika, namba yangu anayo.

Fundi umeme,
Tandika, Dar es Salaam