Mdogo wangu, kabla hujaripoti kidato cha tano

Mdogo wangu,

Majina yametoka, umepangiwa shule ya wasichana ya bweni na kombi ni PCB, yaani fizikia, kemia na biolojia. Mama ameshaanza kuulizia bei ya godoro na tranka, na kila anayekuona njiani anakwambia "kasome kwa bidii." Mimi hilo sikwambii. Bidii unayo, ndiyo iliyokufikisha hapo. Nina neno ambalo kwenye fomu ya kujiunga hutalikuta: ukikwama sema mapema, na uchague wa kumwambia.

Mapema, kwa sababu advance, yaani kidato cha tano na sita, ni miaka miwili kwa jina tu. Unaripoti Julai, mtihani wa taifa unaufanya Mei ya mwaka wa pili. Ni kama miezi 22, na humo toa likizo, toa moko, ile mitihani ya majaribio, toa wiki za mwanzo za kuzoea foleni ya maji. Wengi wanaofeli kidato cha sita huwa wamefelia kidato cha tano, muhula wa kwanza kabisa. Mtu haelewi topiki, anakaa kimya, anajiambia ataisoma likizo. Likizo unaijua kwetu: vyombo, wageni, na shughuli ya ndugu isiyokosekana.

Halafu litakuja jaribio la kwanza. Jiandae kwa hilo kuliko unavyojiandaa kwa baridi ya alfajiri. Msichana aliyetoka O-level na A ya kemia anarudishiwa karatasi yenye 23 kwa wino mwekundu, na jioni hiyohiyo anataka kurudi kwao. Usiku huo kumbuka hesabu ya NECTA, Baraza la Mitihani. A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, E ni 5, na wanajumlisha masomo matatu ya kombi. C tatu ni pointi 9, na 9 bado ni daraja la kwanza. Sikwambii ulenge C, maana udaktari unaouota una ushindani mkali. Nataka tu ulale. Na BAM, ile hesabu ya ziada ya wasiosoma hesabu kwenye kombi, usiidharau kwa kuwa haiingii kwenye pointi. Kuna kozi za chuo zinaiangalia.

Sasa maabara. Watu husema shule ya wasichana ni nzuri kwa sayansi kwa kuwa hakuna mvulana wa kukunyang'anya bureti, ule mrija wa kupimia kimiminika tone kwa tone. Ni kweli, lakini nusu. Kundi la watano likizunguka meza moja, atapatikana tu dada mmoja aliyetoka shule yenye maabara nzuri, mikono haimtetemeki, na yeye ndiye atakayefungua koki, atakayetikisa chupa, atakayeona njano ya methyl orange, ile dawa ya kuonyesha asidi, inapoanza kuelekea wekundu. Wanne mtabaki kunakili namba alizosoma yeye. Mnapata jibu sawa, mnafurahi. Ila pepa ya tatu ni ya vitendo, na siku hiyo kila mtu anasimama na bureti yake. Kwa hiyo sema, "Leo nashika mimi." Mkizidisha tone mtarudia. Mtu wa maabara akiwa mwelewa, mwombe Jumamosi akufungulie.

Wa kumwambia ni nani? Hapo tumia akili. Suala la somo mpelekee mwalimu wa somo, tena na daftari lenye mahali ulipokwama. Ukimwambia "sielewi fizikia" hana pa kuanzia. Suala la mwili, hedhi inayokuangusha, tumbo, homa, ni la matroni, na usingoje mpaka ubebwe. Mambo ya moyoni ni kazi ya mwalimu wa ushauri nasaha. Nitasema ukweli: wapo wanaotunza siri, na nimewahi kuona siri ya mwanafunzi inafika ofisi ya walimu kabla ya chai ya saa nne. Mpelekee jambo dogo kwanza. Likitulia kwake, mpelekee kubwa. Ukimkosa kabisa wa kumwamini, namba 116 ya huduma kwa mtoto haina gharama, na matroni ana simu.

Wenzako nao ni msaada, tena mkubwa kuliko wote. Atakuwepo wa kuficha matirio, yaani notsi na maswali ya kusomea, chini ya godoro, mwache nayo. Tafuta diskasheni ya watu watatu au wanne, msizidi, kila mmoja afundishe topiki yake mbele ya ubao. Kundi likizidi hapo linageuka kijiwe cha stori. Na bwenini mwenu anaweza kuwepo aliyejifungua akarudi masomoni. Tangu mwishoni mwa 2021 serikali imefungua mlango huo. Usimuulize maswali ya umbea. Mpe nafasi kwenye diskasheni, kwa sababu yeye ana haraka kuliko nyie wote.

Kuhusu pesa usikonde. Ada ya kidato cha tano na sita ilifutwa kuanzia mwaka wa fedha 2022/23, kwa hiyo kilichobaki ni vifaa na nauli, na hayo tumeshagawana na kaka. Taulo za kike nitakununulia za muhula mzima, maana najua utaona aibu kumwandikia baba.

Moja la mwisho. Kama ukifika ukaona PCB imekushinda kweli, siyo uoga wa wiki ya kwanza, nenda kwa mwalimu wa taaluma mwezi huohuo uulize kama shule ina CBG, yaani kemia, biolojia na jiografia, na kama nafasi ipo. Ukichelewa mpaka wenzako wamemaliza topiki mbili, kubadili kombi kutakuwa kuanza upya. Usimwogope baba kwa hilo, nitaongea naye mimi.

Ukishapokelewa, muombe matroni anitumie ujumbe kwa namba niliyokuandikia nyuma ya daftari la biolojia. Siku ya wazazi nakuja, niambie mapema kama niongeze karanga au ndala.

Dada yako