YAH: Malalamiko rasmi kuhusu hedi ya injini mliyosema mmeisawazisha

Kwa Meneja wa Huduma,

Husika na kichwa cha barua hapo juu. Nimekaa siku tatu bila kuandika ili nisije nikawavunjia heshima. Masharti ya dhamana mnayajua, kadi ya kazi mnayo, kwa hiyo naanzia pale kaunta.

Gari mlilonikabidhi baada ya kusema mmesawazisha hedi, yaani kifuniko cha juu cha silinda za injini, nililirudisha kwenu likiwa limevutwa. Fundi wenu mkuu akafungua kifuniko cha oili, akaingiza kidole, kikatoka na ute mzito wa rangi ya chai ya maziwa. Maji yameingia kwenye oili. Hilo hata mimi nisiye fundi nalijua. Yeye akapaza sauti mbele ya wateja waliokuwa wamekaa kwenye benchi: “Mama, hii umeichemsha mwenyewe. Nyie mnaendesha bila kutazama geji.” Akanisukumia funguo zangu juu ya kaunta, akamwita mteja anayefuata.

Geji niliitazama. Ilikuwa siku ya 11 tangu mnikabidhi gari. Mshale ulipoanza kupanda niliegesha pembeni na kuzima injini kabla haujafika kwenye nyekundu. Na kabla ya siku hiyo nilikuwa nimewapigia simu mara mbili: maji yanapungua kwenye rejeta wala hakuna tone chini ya gari, na asubuhi linatoa moshi mweupe wenye harufu tamutamu. Mara zote mbili jibu lilikuwa moja, niongeze maji, hewa bado inatoka. Injini iliyotoka kutengenezwa inaongezwa maji kila asubuhi? Simu hizo mlipaswa kuziandika. Kama hamkuziandika, hilo nalo ni lalamiko langu.

Hedi imefunguliwa kwenye gereji nyingine, nikiwa nimesimama pale pale. Fundi aliweka rula ya chuma juu ya uso wake, akapitisha fila geji, vile vibamba vyembamba vya kupimia mwanya, chini yake. Katikati palipita bamba la milimita 0.20. Kitabu cha mtengenezaji wa injini hii kinaruhusu 0.05. Tafadhali msiniambie imepinda baada ya kuchemka. Hedi iliyopita kwenye mashine ya kusawazisha hutoka na uso mpya unaong'aa sawasawa. Hii yangu bado ina alama nyeusi za gasketi ya zamani, ile ya kuziba kati ya hedi na injini, zikizunguka kila silinda, na kando ya tundu la maji kuna shimo la kutu ambalo kucha yangu inazama. Mashine ingepita hapo, alama zile zingeondoka. Mlichofanya ni kuikwangua, mkaweka gasketi mpya juu ya uso uliopinda, mkafunga.

Boliti nazo. Ankara yenu inasema “boliti mpya za hedi, seti moja”. Boliti za injini hii hukazwa kwa hatua, kuanzia katikati kwenda pembeni, kisha huzungushwa kwa nyuzi (digrii) mpaka zivutike; ndiyo maana zikifunguliwa hazirudishwi. Zilizotolewa kwenye gari langu zina kutu kwenye meno yake na mbili ni ndefu kuliko nyingine. Mlirudisha za zamani, mkanilipisha mpya. Hilo lina jina lake na mnalijua.

Ndugu Meneja, naomba nirudi pale kaunta, maana kuna jambo nimelipita. Kidole kile chenye ute, fundi wenu hakukifuta kwa tambara. Alichukua karatasi yangu ya dhamana niliyokuwa nimeiweka mbele yake, akafutia humo, huku akisema, “Umeichemsha mwenyewe.” Ushahidi ulikuwa kwenye kidole chake, na aliyeaibishwa mbele za watu ni mimi. Kijana mmoja kwenye benchi akainamisha kichwa kwa kunionea haya. Niliokota funguo, mikono ikitetemeka, nikatoka bila kusema neno. Karatasi ile ninayo, doa bado lipo juu ya maneno “kazi yote imekaguliwa”. Nakala naiambatisha.

Nilipoanza kuandika nilitaka mnirudishie fedha za kusawazisha hedi na za boliti, basi. Hazitoshi. Nataka hedi mpya, maana hii imeshapata ufa kati ya viti viwili vya valvu na siikubali iungwe kwa kuchomelea. Nataka gasketi na boliti mpya, zifunguliwe kwenye paketi mbele yangu, injini ioshwe oili yote iliyochanganyika na maji, na beringi za krenki, shafti kuu ya injini, zikaguliwe, kwa kuwa zimezungushwa kwenye uchafu huo. Gharama za kuvuta gari, mara zote mbili, ni zenu. Kazi ifanyike kwenye gereji nitakayoichagua mimi, kwa malipo yenu. Kwenu gari langu halirudi.

Na fundi wenu mkuu aniombe radhi pale pale kaunta, saa ya wateja wengi, kwa sauti ile ile aliyotumia siku ile.

Nawapa siku 7 tangu mpokee barua hii. Zikipita, hedi, boliti na karatasi yenye doa vinakwenda kwa mamlaka ya kulinda walaji, na wakili wangu ataandika barua inayofuata. Msinipigie simu. Nijibuni kwa maandishi, yenye saini yako wewe Meneja, si ya mtu wa kaunta.

Mteja wenu,
mwenye kadi ya kazi mliyoigonga mhuri “IMEKAMILIKA”