Mto Sondu ukifurika, mchanga ndio adui

KWAKO MHARIRI,

Mvua ikinyesha Mau na Kericho, wengi hapa Kisumu huamini kwamba kituo cha Sondu-Miriu kinazalisha stima zaidi. Si kila mara. Masinga kuna bwawa la kuweka akiba ya maji. Sondu kuna kizuizi kifupi tu, na kidimbwi kilicho nyuma yake kilijengwa kubeba takriban mita za ujazo milioni 1.1. Mitambo yote miwili ikizunguka kwa nguvu zake zote hunywa karibu mita 40 za ujazo kila sekunde. Piga hesabu: hayo ni maji ya saa saba na nusu hivi. Tope likitanda humo, hata saa hizo hupungua.

Maji hupita kwenye handaki la zaidi ya kilomita 6, kisha huporomoka bombani hadi kwenye mitambo ya megawati 60. Kwa hivyo kila mita moja ya ujazo kwa sekunde ni megawati 1.5, na nusu megawati zaidi hupatikana kwenye kituo cha pili, Sang'oro, ambako maji yayo hayo hutumika mara ya pili.

Mafuriko huleta mabua ya mahindi, matawi na chupa za plastiki, vyote vikanasa kwenye chujio la vyuma mlangoni pa handaki. Lisipokwanguliwa mapema, maji hujaa mbele yake na kupwa nyuma yake, na hewa huanza kufyonzwa. Takataka zaonekana, zaondolewa. Mchanga ndio mbaya zaidi. Chembe zake hupenya chujioni na kusugua gurudumu la mtambo kama msasa, pamoja na mabapa yanayoelekeza maji. Nafasi kati ya vyuma ikipanuka kidogo tu, maji hupenyeza pembeni bila kusukuma chochote. Hapo mwendeshaji hana budi kufungua malango ya chini mchanga utoke, maji yapotee nao, la sivyo chuma kiendelee kuliwa.

Mchanga huo ni udongo wa mashamba yaliyolimwa hadi majini. Kanuni zinataka ukingo wa mto uachwe mita 6 hadi 30, kutegemea upana wake. Serikali za kaunti zilizo kwenye bonde la Sondu ziweke vigingi kabla ya masika, na wakulima wapewe miche ya mianzi na nyasi za nepia, ambazo ng'ombe pia watakula. Nacho kituo kipime kina cha tope kila mvua zinapokwisha, na vipimo vibandikwe kwa chifu, wenyeji wa Nyakach wavisome.

Fundi wa mitambo ya maji,
Kisumu